Mimi Hapana Motokaa: Wakufunzi wa Kigeni na Mshahara wa Askari

Katika duka moja la steshenari lililoko Mwanga, hapa Kigoma mjini, nilisimama kwenye foleni nyuma ya mzee wa Kikongo aliyekuja kutia laminesheni vyeti viwili vya kijeshi. Cha kwanza alikipata katikati ya miaka ya 1970, alipofundishwa na Wakorea wa Kaskazini katika Divisheni ya Kamanyola ya jeshi la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Cha pili alikipata baadaye, alipohamishiwa kwenye kikosi cha miavuli ambacho wakufunzi wake walikuwa Wafaransa. Wakorea, alisimulia, walimfundisha kutembea akiinua mguu ulionyooka hadi karibu na kiuno, na Wafaransa walipokuja wakamwambia aushushe. Akatuonyesha miendo yote miwili pale pale, kati ya mashine ya fotokopi na kaunta, mkongojo wake ukiwa kwapani, na kijana wa dukani akacheka hadi akachanganya karatasi za mteja mwingine. Nilipomuuliza ni nani kati ya waalimu hao aliyekuwa akimlipa mshahara, alinitazama kana kwamba sijamsikiliza tangu mwanzo.

Swali hilo halikunitoka, kwa sababu linagusa jambo ambalo sisi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika tuna haki ya kulijadili kuliko wengi. Jeshi la Kongo linaposhindwa, matokeo yake huteremka kwenye maboti ya Kibirizi na kuishia katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 na ambayo mpaka leo haijafungwa. Kila linaposhindwa, mataifa rafiki hukutana na kuamua kwamba dawa ni kupeleka washauri na wakufunzi zaidi. Tanzania nayo imo katika mataifa hayo: tulikuwamo katika Brigedi ya Uingiliaji ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kwa azimio la Machi 2013, na tulikuwamo katika kikosi cha SADC kilichoingia mashariki ya Kongo mwishoni mwa mwaka 2023, kikashuhudia Goma ikianguka Januari 2025, na kukatishiwa muda wake na wakuu wa nchi Machi mwaka huohuo. Baadhi ya vijana wetu hawakurudi hai. Si ajabu kwamba mjadala sasa umehamia kwenye njia inayoonekana nafuu zaidi, yaani kuacha kupigana kwa niaba ya jirani na badala yake kumfundisha apigane mwenyewe.

Mimi naiona njia hiyo kuwa nafuu kwa anayefundisha tu. Ujumbe wa ushauri wa kijeshi hupimwa kwa idadi ya askari waliofuzu, vikosi vilivyopita gwaride na sare zilizogawiwa, kwa kuwa hayo yanahesabika na yanapigika picha. Kinacholishikilia jeshi siku ya vita ni mambo ambayo mkufunzi wa kigeni kwa kawaida haruhusiwi kuyagusa: mshahara wa askari unapitia mikono ya nani, chakula na risasi vinabebwa na nani, na mkuu wake analala wapi usiku ule ambao mambo yanaharibika. Taifa linalopeleka wakufunzi bila kuuliza mambo hayo linatengeneza vyeti.

Zaire ya Mobutu ni mfano usio na mpinzani, maana hapakuwa na jeshi Afrika lililokuwa na waalimu wengi kama lile. Wabelgiji hawakuondoka kabisa baada ya uhuru. Waisraeli walifundisha walinzi wa rais. Wakorea wa Kaskazini walipewa Kamanyola. Wafaransa wakachukua askari wa miavuli. Wamarekani na Wachina nao walikuwa na sehemu zao. Kila taifa lilikuja na silaha zake, lugha yake ya amri na mwendo wake wa kwata. Mobutu hakukosea hesabu hapo, kwani kiongozi anayeogopa mapinduzi hufaidika na jeshi ambalo vikosi vyake haviwezi kuelewana. Waasi walipoingia jimbo la kusini la Shaba kutoka Angola mwaka 1977, jeshi hilo lilirudi nyuma hadi askari wa Morocco walipoletwa kwa ndege za Ufaransa kuliokoa. Waasi hao waliporudi mwaka uliofuata na kuutwaa mji wa Kolwezi, Ufaransa ililazimika kurusha askari wake wenyewe kwa miavuli. Baada ya hapo wakufunzi waliongezwa. Hakuna aliyesema kwamba tatizo huenda halikuwa ufundi wa askari.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimkumbuke mzee wa Mwanga. Mnamo Septemba 23, 1991, askari walioanza uasi jijini Kinshasa, kutoka kambi iliyo karibu na uwanja wa ndege wa N'djili, hawakuwa wa kikosi dhaifu kilichosahauliwa porini. Walikuwa wa Brigedi ya 31 ya miavuli, kazi ya mikono ya Wafaransa, miongoni mwa askari waliofundishwa vizuri kuliko wote nchini. Waliasi kwa sababu mshahara ulikuwa haununui kitu, na waliposhuka mjini walipora maduka, maghala na nyumba za watu, na raia wakawafuata. Ufaransa na Ubelgiji zilituma askari kuwahamisha wageni, wakiwamo raia wao waliokuwa wamewafundisha hao waporaji. Mzee yule alikuwamo. Alisema kwa sauti ya chini, bila kujisifu wala kujitetea, kwamba siku ile alibeba friji begani kutoka dukani hadi kambini, mwendo ambao ukimwambia leo autembee mikono mitupu atakataa. Wakongo wana jina la utaratibu huo wa kuishi. Wanauita Kifungu cha 15, kifungu ambacho hakimo katika katiba yoyote na ambacho maana yake ni kwamba serikali haitakupa kitu, basi jitafutie.

Hadithi ya kubeba mizigo ni ya zamani zaidi kuliko uasi huo, na sehemu yake moja ilipangwa hapa Kigoma. Mnamo Aprili 24, 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka hapa akiwa na Wacuba wachache, akatua Kibamba upande wa pili, akiwa mkuu wa ujumbe ambao hatimaye ulifikia watu wapatao 120. Kazi yao ilikuwa kuwashauri na kuwafundisha wapiganaji wa Simba, waasi wa Kongo waliokuwa wakipigana na serikali ya waziri mkuu Tshombe. Majina yao ya siri yalitokana na Kiswahili: Víctor Dreke, Mcuba mweusi aliyeonyeshwa kuwa kiongozi, aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Walikuwa na ari, uzoefu wa vita vya msituni na serikali iliyowaunga mkono kwa dhati. Katika miezi saba hawakuweza kuligeuza kundi lile kuwa jeshi.

Sababu nyingi zimetajwa, na imani ya dawa ya kugeuza risasi kuwa maji ndiyo inayopendwa na wasimuliaji wa Ulaya. Mimi naona ile ya mizigo ni nzito zaidi. Silaha na chakula vilifika kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, vikavushwa kwa boti usiku, na kutoka ufukweni vilitakiwa kupandishwa milimani kwa mabega ya watu. Wapiganaji walipoamriwa kuvibeba, wengi walijibu: “Mimi hapana motokaa.” Baada ya Wacuba kuwa wengi jibu likabadilika kidogo, wakawa wanasema: “Mimi hapana Mcuba.” Kiswahili hicho si cha Ujiji, lakini maana yake inaeleweka hata kwa mtoto. Mpiganaji alikuwa anasema kwamba vita hivi vina wenyewe, na mwenyewe si mimi.

Kabla ya kumwita mvivu, inafaa kuuliza wenyewe walikuwa wapi. Laurent Kabila, aliyekuwa na dhamana ya eneo lile, alivuka kwenda kuwaona wapiganaji wake mwezi Julai, akakaa siku chache tu, akarudi upande huu wa ziwa. Viongozi wengine walikuwa kati ya Kigoma, Dar es Salaam na safari za nje. Leonard Mitoudidi, ambaye Wacuba walimwona kuwa anafaa, alizama ziwani mwezi Juni. Mwishoni mwa mwezi huohuo shambulio la Bendera, kwenye kituo cha umeme wa maji, liliua Wacuba wanne na kuwafichua kwa adui. Mtu anayeona mkuu wake anakunywa bia Kigoma huku yeye akiambiwa apandishe sanduku la risasi mlimani, hahitaji somo la siasa ili kufikia uamuzi aliofikia. Ukitaka kuelewa vizuri nenda Kibirizi asubuhi maboti ya Kongo yanapopakiwa: mchukuzi hatii saruji begani mpaka ajue bei na mwenye mzigo awe amesimama pale pale, na hakuna anayemwita mwoga.

Katika miaka ileile, upande wa kusini wa nchi yetu, mizigo ilibebwa. FRELIMO ilikuwa na kambi Nachingwea, ikapata wakufunzi wa kigeni, Wachina wakiwamo, na silaha zake zikavuka Ruvuma vichwani na mabegani mwa wanavijiji na wanawake wa kikosi cha wanawake, mwendo wa siku nyingi ndani ya Msumbiji. Sidai kwamba Wamakonde wana mabega yenye nguvu kuliko Wabembe wa ng'ambo ya ziwa. Tofauti ni kwamba Samora Machel na makamanda wake waliishi kambini na kuvuka na watu wao, na maeneo yaliyokombolewa yalikuwa na mashamba na shule ambazo mbebaji alijua ni zake. Mkufunzi alikuta jengo limesimama, naye akaongeza paa. Ni haki kuongeza kwamba FRELIMO ilipitia migogoro mikali ya ndani, ikiwamo ile iliyoandamana na mauaji ya Eduardo Mondlane jijini Dar es Salaam mwaka 1969. Lakini migogoro hiyo waliimaliza wao wenyewe, bila mkufunzi kuwaamulia.

Nasi tulishawahi kuwa wanafunzi, na wanafunzi watukutu. Mnamo Januari 1964, siku moja baada ya wenzao wa kambi ya Colito kuasi Dar es Salaam, askari wa kikosi cha pili cha Tanganyika Rifles mjini Tabora nao waliasi. Walikuwa wamefundishwa vizuri kwa vipimo vya Waingereza, wakirithi mila za King's African Rifles, jeshi la kikoloni, na maofisa wao wengi walikuwa bado Waingereza. Walitaka mambo mawili: mshahara uongezwe na maofisa wawe Waafrika. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita makomando wa Uingereza kuzima uasi, jambo lililomuuma, kisha Nigeria ikatuletea kikosi cha kushika nafasi wakati jeshi jipya likiundwa. JWTZ ilianzishwa Septemba 1, 1964. Wakubwa wa Magharibi walipolalamika kwamba Tanzania inaleta wakufunzi wa Kichina, Mwalimu aliwakumbusha kwamba jeshi lililomwasi halikuwa limefundishwa na Wachina.

Jibu lile husimuliwa kama kejeli, nami nadhani lina maana zaidi ya hapo. Tanzania ilianza kwa kuamua jeshi ni la nani, vijana wake watatoka wapi na watamtii nani, na ndipo ikaita waalimu: Wachina, kisha Wakanada waliokuwa na timu ya ushauri na mafunzo hapa kuanzia 1965 hadi 1970. Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965 kwa ugomvi kuhusu Ujerumani Mashariki, jeshi halikuyumba, kwa kuwa halikuwa limeegemea ukuta huo. Utaratibu ule ulikuwa na gharama yake. Jeshi lilifungamanishwa na chama kwa namna ambayo leo tusingeipendekeza kwa jirani. Hata hivyo askari alijua mshahara wake unatoka wapi, na mkufunzi alijua kwamba anaweza kuagwa.

Turudi Kongo ya karibuni. Mwaka 2010 Wamarekani walifundisha kikosi cha makomando huko Kisangani, Batalioni ya 391, askari wapatao 750, ambao walipaswa kuwa mfano kwa jeshi zima. Mafunzo yalihusu pia haki za binadamu. Novemba 2012, waasi wa M23 walipoitwaa Goma na jeshi likakimbilia Minova, kikosi hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa na Umoja wa Mataifa kwa ubakaji wa halaiki uliofanyika hapo. Askari 39 walifikishwa mahakamani, na katika hukumu ya Mei 2014 ni wawili tu waliotiwa hatiani kwa ubakaji. Sisemi kwamba mkufunzi wa Kimarekani ndiye aliyefundisha uovu ule. Ninasema kwamba alimrudisha mwanafunzi wake katika jeshi ambalo amri ilikuwa imekatika na makosa hayakuwa na adhabu, na mafunzo ya miezi hayakuweza kushindana na hilo.

Ukitaka mfano wa kuchekesha kwa uchungu, tazama Januari 2025. Goma ilipoanguka, Waromania zaidi ya 280 walijisalimisha na kupitishwa Rwanda kurudi kwao. Walikuwa watu wa kukodiwa, na kazi yao ilielezwa kuwa ya ukufunzi. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa baada ya hapo, walilipwa takriban dola 5,000 kwa mwezi, huku askari wa Kikongo aliyekuwa kwenye handaki jirani akipata kama dola 100, zikifika. Mtu akimfundisha mwenzake uvumilivu chini ya tofauti hiyo, somo linaloeleweka ni la hesabu.

Kuna ujumbe mmoja wa kigeni nchini Kongo ambao nausifu, nao haukufundisha mtu kulenga shabaha. Kuanzia 2005 Umoja wa Ulaya ulikuwa na washauri waliojulikana kwa jina la EUSEC, na kazi yao kubwa ilikuwa kuhesabu askari na kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri. Kabla ya hapo mshahara ulitoka Kinshasa ukiwa noti taslimu, ukapita mikononi mwa kamanda mmoja hadi mwingine, na kila mmoja akachota kidogo. Kamanda mwenye watu 300 aliyeripoti 500 alikula tofauti, hivyo hakuwa na haraka ya kuziba mapengo, wala hakupendelea vita viishe. Sisi tulioona uhakiki wa watumishi hewa mwaka 2016 hatuhitaji kuelezwa askari hewa ni nini, ila mtumishi hewa hasababishi mji kuanguka. Kazi ile ya kuchosha, ya madaftari, vitambulisho na alama za vidole, ilipunguza wizi pasipo kuumaliza, na ujumbe ulifungwa mwaka 2016. Haukupata sifa kubwa, labda kwa kuwa hakuna picha nzuri ya mhasibu akihesabu askari kwenye mvua.

Afghanistan sitakaa nayo sana, kwa kuwa imeandikwa mno. Marekani ilitumia dola zipatazo bilioni 88 kulijenga jeshi na polisi wa nchi ile. Kulikuwa na askari hewa kwenye orodha, ndege zilitegemea mafundi wa kigeni ili ziruke, na mafundi walipoondoka ndege zikakaa chini. Kabul ilianguka Agosti 15, 2021. Ukubwa wa fedha ulibadilisha ukubwa wa anguko tu.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni zito. Jirani ni taifa huru. Huwezi kwenda kumfundisha askari wake kisha ukadai kuona daftari lake la mishahara. Pingamizi la pili ni kwamba vita havisubiri, na kwamba mwaka 2013 Brigedi ya Uingiliaji, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, ilisimama na jeshi la Kongo na M23 wakashindwa mwezi Novemba bila mtu kumaliza kwanza kazi ya uhasibu. Ni kweli, nami nakumbuka furaha iliyokuwapo hapa mjini. Lakini brigedi ile ilikwenda kupigana, na iliposimama kwenye mstari askari wa Kikongo aliona kwamba hakuachwa peke yake. Kanali Mamadou Ndala, aliyekuwa shujaa wa ushindi ule upande wa Kongo, aliuawa kwa kuviziwa Januari 2014, na mahakama ya kijeshi ikawatia hatiani maofisa wa jeshi lake mwenyewe. M23 walirudi mwishoni mwa mwaka 2021. Ushindi ulipatikana, na jeshi lililoukabidhiwa lilikuwa lilelile.

Kuhusu uhuru wa taifa, jirani anayeomba wakufunzi ameshafungua mlango. Kumuuliza chumba cha fedha kiko wapi si kuvunja adabu. EUSEC iliuliza na ikaruhusiwa. Tanzania ikiombwa kesho kupeleka wakufunzi ng'ambo ya ziwa, ningependa kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi isiulize kwanza idadi ya maofisa wetu watakaokwenda wala urefu wa kozi. Iulize batalioni itakayofundishwa ililipwa lini mara ya mwisho, na kwa njia gani; posho ya chakula inamfikia askari ikiwa unga au ikiwa ahadi; kamanda wake ni nani na familia yake inaishi wapi; na kama sisi tuna ruhusa ya kuondoka tukiona majibu yamebadilika. Na kama nafasi ni kumi, sita wawe wahasibu na watu wa ugavi. Maofisa wetu hawatalipenda pendekezo hilo, maana hakuna medali ya ugavi.

Wacuba wa 1965 waliondoka kwa njia waliyokuja nayo. Serikali yetu ilikuwa imewaomba waondoke, baada ya Tshombe kufukuzwa na nchi za Afrika kukubaliana mjini Accra kusitisha misaada ya nje. Usiku wa kuamkia Novemba 21 walipanda boti pamoja na viongozi wachache, na kwa kuwa boti hazikutosha, wapiganaji wengi wa Kikongo waliachwa ufukweni wakitazama. Asubuhi walikuwa Kigoma. Siku nne baadaye Mobutu alitwaa serikali mjini Kinshasa, na miaka michache mbele akaanza kuwaita wakufunzi wake. Mzee wa Mwanga alikuwa mtoto wa miaka kumi wakati huo. Aliniambia fedha zake zilitosha laminesheni ya cheti kimoja tu, akachagua kile cha Wakorea kwa sababu karatasi yake ilikuwa imechanika zaidi.